Mstari uliokatwa kwa kalamu

Nimerudi sasa hivi kutoka kwa mnasihi, hata buibui sijavua.

Wengi wenu mnajua kwamba mume wangu alifariki mwanzoni mwa mwaka, nami nikakaa eda, yaani kutulia ndani kwa mjane wa Kiislamu, kwa miezi 4 na siku 10, kama walivyokaa mama na bibi yangu. Eda ikaisha, lakini usingizi haukurudi, wala sikujua mwanamke aliyetoka kizukani anaanzia wapi.

Mnasihi wa kwanza niliyemwona alikuwa mpole (sina ugomvi naye), lakini katika faili langu aliandika: “Amejitenga na jamii kwa zaidi ya miezi 4.” Aliihesabu kuwa dalili ya sonona.

Wa leo ni mama wa makamo.

Alilisoma faili lile kimya, akaniuliza nilikaa eda nyumbani kwa nani na akina nani walikuwa wakija kunitazama, kisha akachukua kalamu, akaukata mstari ule, na juu yake akaandika neno moja tu: eda.

Hapo ndipo nilipolia.

Hakusema kwamba sina sonona. Alisema tutaitafuta katika usingizi, katika chakula ninachokiacha sahanini, na katika mawazo yanayoniamsha saa 9 usiku, wala si katika ibada yangu.

Ndugu zangu mliopita njia hii, ninyi mlianzaje kulala tena? Niandikieni hata usiku wa manane; nitakuwa macho.