Kabla hujamnunulia mtoto hamsta, soma hapa kwanza

Juzi shoga yangu mmoja kanitumia voisi ya dakika nne, binti yake anatimiza miaka mitano Jumamosi na anachotaka ni hamsta, baiskeli hataki, mdoli hataki, hamsta tu, maana rafiki yake wa shuleni anaye. Akaniuliza, dada we si mnaye hapo kwenu, eti ni wapole? Nikaanza kumjibu na mimi kwa voisi nikaona naongea simalizi, nikasema ngoja niandike kabisa, sababu najua sio yeye peke yake. Sisi tunaolea watoto huku Uingereza hili swali lazima litufikie, ukilikwepa leo litarudi Krismasi.

Kwa ambao hawamjui, hamsta ni jamii ya panya, mnene mnene, mkia mfupi hata hauonekani, manyoya laini sana, macho meusi yanang'aa kama mbegu za papai. Mama yangu yuko Njombe, siku ya kwanza namwonyesha kwenye video kol alinyamaza kwanza, halafu akauliza, "Mwanangu, huyo panya mmemfuga ndani, mnamlisha?" Nikamwambia ndiyo mama, wetu huyo, anaitwa Karanga.

Sasa jibu langu ni hili na nalisema kwa moyo wote: hamsta ni mnyama mzuri na mimi nampenda, hapa ninapoandika kalala pembeni yangu, lakini kwa mtoto wa miaka mitano hapana. Na wala sababu sio ukali. Watu wanasema hamsta wanang'ata kama vile wana roho mbaya, mi nakataa kabisa, kosa tunalifanya sisi tunaompa mtoto mdogo mnyama wa usiku tena mwenye woga, halafu tunategemea atakaa mkononi kama mdoli.

Ngoja nisimulie ya kwetu. Karanga tulimnunua wakati binti yangu ana miaka sita. Dukani walituambia ni rahisi kumtunza, anafaa sana watoto, wakatuuzia na kizimba kidogo cha plastiki chenye mabomba ya rangi rangi, mi nikalipa sikuuliza kitu. Tumefika nyumbani Jumamosi mchana, mtoto kakaa mbele ya kizimba anasubiri, Karanga kajifukia kwenye maranda kalala. Jumapili asubuhi kalala. Jumapili jioni kalala. Jumatatu binti yangu ananiambia na machozi, "Mama, hanipendi." Kumbe bwana hamsta anaamka giza likishaingia, wa kwetu anatoka saa tatu usiku, na mwanangu saa mbili kasoro yuko kitandani maana kesho shule, kwa hiyo hawa wawili walikuwa wanaishi nyumba moja bila kukutana. Na akishaamka sasa, hilo gurudumu lake ni krii krii krii mpaka alfajiri, usiku mmoja tu anaweza kukimbia kilomita nyingi kwenye hilo gurudumu, miguu lazima ifanye kazi yake.

Jumatano ndo ikatokea. Mtoto katoka shule, kala mandazi, mi niko jikoni, akafungua mlango wa kizimba akaingiza kidole kwenye kiota ili amwamshe amsalimie. Nilisikia yowe nikakimbia. Karanga alikuwa ananing'inia kwenye kidole cha shahada, meno yale ya mbele ni marefu na ya njano (njano ni rangi yao ya kawaida, msishtuke), yamezama kabisa, mtoto kwa maumivu akarusha mkono, Karanga akapaa akaangukia kwenye zulia. Damu inadondoka kwenye sweta la shule. Nikampeleka kwenye sinki nikaosha kwa maji na sabuni muda mrefu tu, nikafunga plasta, nikambembeleza, halafu nikapiga magoti kumtafuta mwenzake. Nilimkuta chini ya sofa kwenye kona, masikio kayalaza, mbavu zinapiga haraka haraka kama sindano ya cherehani. Nikamwangalia nikaona huyu kaogopa kuliko hata mwanangu.

Usiku ule nikakaa kusoma, na kila nilichosoma kilinichoma. Hamsta macho yake ni hafifu, dunia anaijua kwa pua, sasa kidole kimetoka kwenye mandazi kinanukia mafuta na iliki, kikimfikia usingizini hawezi kujua ni kidole cha mtu, kwake ni ama chakula ama adui. Na chochote kinachomjia kwa juu kwake ni bundi, kwa hiyo ule mkono tunaouingiza kutoka juu kumbeba ndo unamtisha kuliko vyote.

Na asili yao ukiijua utawaelewa zaidi. Hawa hamsta wa dhahabu tunaouziwa wametoka Syria, karibu na mji wa Aleppo. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama wa chuo kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, Israel Aharoni, alikwenda huko kuwatafuta sababu mwenzake Saul Adler alikuwa anawahitaji kwa utafiti wa ugonjwa wa leishmaniasisi, wakachimba kwenye shamba la ngano wakampata mama na watoto wake 11. Wakawaweka kwenye sanduku. Yule mama kwa hofu akaanza kuua watoto wake mwenyewe, ikabidi watenganishwe, waliosalia wakalelewa kwa mkono, na hao wachache sana waliobaki ndo mababu wa karibu hamsta wote wa dhahabu waliojaa kwenye nyumba za watu leo. Mwaka 1931 walishafika Uingereza. Mi hiyo habari ya mama niliisoma mara mbili. Yaani mnyama ambaye akishikwa na hofu anafikia hapo, sisi tunamweka sebuleni pembeni ya TV, watoto watano wa besdei wanapokezana kumbeba.

Kitu kingine, anataka kuishi peke yake. Nilishaanza kumtafutia mwenzake nikidhani ana upweke, bahati nzuri nilisoma kabla, maana hawa wa dhahabu wakishakua ukiwaweka wawili watapigana mpaka mmoja afe. Na kile kizimba cha mabomba kilikuwa jela. Alikuwa anatafuna nondo usiku kucha, sisi tunasema anacheza. Tukatafuta kikubwa cha mtumba, mita moja kwa nusu mita, maranda tukajaza kina cha shubiri nzima achimbe mashimo yake, gurudumu la sentimita 28 ili mgongo usipinde akikimbia. Kutafuna nondo kuliisha wiki ileile. Hamsta mwenyewe hakufika hata pauni 20, hivyo vingine vyote ndo vilikula pesa, mjue hilo.

Binti yangu sikumwacha hivyo hivyo na woga wake. Kuna njia ya bafu, nayo ilitusaidia mno. Unachukua bafu la kuogea likiwa kavu kabisa, unaziba tundu la maji, unatandika taulo, mtoto anaingia na soksi anakaa kimya, halafu unamwachia hamsta humo humo atembee anavyotaka. Hamna kumshika. Ijumaa na Jumamosi ambapo kesho yake hamna shule namruhusu akeshe kidogo, anaosha mikono kwanza kwa sabuni isiyonukia, anaweka mbegu za alizeti kwenye kiganja anasubiri. Wiki ya kwanza Karanga alizunguka pembeni pembeni tu. Ya pili alichukua mbegu moja akakimbia. Ya tatu akapanda kiganjani na miguu yote minne, akakaa, akaanza kuzijaza mashavuni moja baada ya nyingine, ile mifuko ya mashavu inarudi nyuma mpaka mabegani, kichwa kikawa kipana kuliko mwili. Binti yangu alibana pumzi. Akaninong'oneza, "Mama, vidole vyake ni baridi." Mpaka leo anamngoja ampandie mwenyewe, hajawahi kumkamata kwa juu tena, na Karanga hajamng'ata tena.

Lakini angalieni, huyo alikuwa na miaka sita na nusu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pembeni kila mara. Mtoto wa miaka mitatu, minne, mitano hawezi kusubiri wiki tatu, vidole vyake bado vinabana akifurahi, na akishtuka anaachia. Hamsta akianguka kutoka urefu wa mtu mzima anaweza kuvunjika au kufa. Halafu kuna salmonella, wale bakteria wa kuharisha, hawa wanyama wanaweza kuibeba bila kuonekana wanaumwa, na watoto chini ya miaka mitano ndo wanaoumia zaidi wakiipata, na ndo haohao wa kutia vidole mdomoni. Hata sheria ya hapa, ile ya ustawi wa wanyama ya 2006, hairuhusu kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16, maana yake mnyama ni wako wewe mzazi. Mtoto anasaidia.

Nisisahau hili la baridi sababu lilinitoa machozi. Novemba tulipata msiba Birmingham tukaenda siku mbili, hita tukazima kwa ajili ya bili, Karanga tukamwachia maji na chakula cha kutosha, mi nikaona basi. Tunarudi tunamkuta kajikunja, wa baridi kama jiwe la mtoni, mkavu, ukimgusa hatikisiki. Mtoto analia, baba yao kashaleta boksi la viatu. Nikamweka kiganjani nimuage, nikaona usharubu mmoja umetetemeka. Mmoja tu. Nikapiga simu kwa daktari wa wanyama mikono inatetemeka, akaniambia hamsta nyumba ikiwa baridi sana mwili wake unaweza kujizima, moyo unapiga taratibu mno, pumzi huioni kabisa, mweke chumba chenye joto la kawaida apate moto polepole, usimweke juu ya hita, na akiamka mpe maji na chakula. Tukakaa naye kama saa nzima. Akaanza kutetemeka mwili mzima, akafungua jicho moja. Namshukuru Mungu mpaka leo. Na huwa nawaza ni watoto wangapi hapa wamezika hamsta akiwa bado hai, sababu hakuna aliyewaambia wazazi. Kwa hiyo wenye hamsta, msizime hita mkisafiri, na akiwa baridi msikimbilie kuzika, mpigieni daktari kwanza.

Sasa shoga yangu ataniuliza, je nimnunulie nini? Kama lazima mnyama mdogo, mi nasema simbilisi, wale wanaoitwa guinea pig huku. Wale walionijua tangu utoto hawatashangaa. Nyumbani Njombe jikoni kwa bibi walikuwepo, wanaishi chini pembeni ya mafiga sababu ya joto, asubuhi ukisukuma mlango tu na majani mkononi wanaanza wii wii wii wote kwa pamoja, wanakuja mpaka miguuni. Tuliwakata majani, tukawapa maganda ya ndizi, tukawapakata. Ni kweli walikuwa kitoweo pia, siwezi kuficha. Ila katika miaka yote ile sikumbuki hata mmoja kuning'ata. Simbilisi anazaliwa na manyoya yake na macho wazi, siku hiyohiyo anatembea, na mchana yuko macho mtoto akiwa naye macho. Akisikia friji linafunguliwa anaita. Ni mkubwa kidogo, hachoropoki kirahisi, mtoto akikaa chini sakafuni anampakata vizuri.

Naye ana masharti yake. Lazima wawe wawili au zaidi, Uswisi sheria inakataza kumfuga mmoja peke yake na mi naona wana haki. Mwili wake hautengenezi vitamini C kama wetu, kwa hiyo hoho na mboga za majani kila siku, na majani makavu yasikosekane kizimbani. Wanaishi miaka mitano, sita, hata nane, wakati hamsta ni miwili mpaka mitatu. Mtoto wa miaka mitano atakuwa sekondari simbilisi bado wapo, na kusafisha utasafisha wewe. Sungura sitaki hata kuwataja sana, wengi hawapendi kubebwa na wana mateke.

Karanga sasa ana mwaka na miezi tisa, kishakuwa mzee, mgongoni manyoya yamepungua na gurudumu anakimbia kidogo anapumzika. Nimemjibu shoga yangu asinunue kitu kwanza. Kesho Ijumaa aje na binti yake, mtoto avae pajama kabisa, watakaa sakafuni na wangu, tutazima taa kubwa tubaki na ya koridoni, wamsubiri Karanga atoke. Akiweza kusubiri bila kugonga kizimba, tutaongea. Chai nitapika mimi.