Jogoo wa pasi

Jumapili usiku umeme ulikatika, na shati la shule la binti yangu lilikuwa bado halijapigwa pasi. Nikaitoa ile pasi ya mkaa ya Bibi inayozuia mlango wa stoo. Mtoto akamshika jogoo wa kwenye kifuniko: "Baba, huyu jogoo wa nini?" Ni komeo tu, ukimgeuza pasi inafunguka. Nikamjibu hivyo. Lakini mkaa ulipokolea, harufu yake ikanirudisha uani, Barabara ya 12, Ngamiani, usiku ule mwezi ulipoandama.

Mkaa hauwashiwi ndani ya pasi. Hukolezwa jikoni mpaka uwe mwekundu wote na moshi ukatike, ndipo uhamishwe kwa koleo, theluthi mbili ya pasi, si zaidi. Vipande viwe vizito, maana mkaa mwepesi hurusha cheche, na cheche moja hutoboa nguo. Unaipunga pasi uani majivu yatoke matunduni, unaisugua kwenye jani la mgomba ili iteleze. Moto ukipungua unapepea mbali na nguo, halafu unaijaribu upya kwenye kitambaa kikuukuu. Yote hayo Bibi alikwisha kunifundisha. Nilikuwa na miaka 11.

Kanzu ya Baba ilikuwa ya pamba, imetiwa buluu na kanji ya unga wa muhogo. Kanji niliipika mwenyewe, vijiko vinne badala ya viwili kwa lita mbili za maji, kwa kuwa nilitaka kanzu isimame. Kanji nzito hunata kwenye pasi, na huungua kabla ya uzi wenyewe. Nikamaliza mikono, nikapiga darizi za shingo kwa kinyume, nikapepea moto, nikaipeleka pasi mgongoni bila kuijaribu. Ikanata kidogo tu. Nilipoinua, pua ya pasi ilikuwa imebaki palepale, chini ya bega la kushoto, rangi ya chai isiyo na maziwa.

Bibi hakunigombeza. Aliisogeza kanzu kwenye mwanga wa kandili, akaikwaruza alama kwa ukingo wa sarafu, taratibu, kama anayepara samaki mdogo. Unga wa kahawia ukawa unadondoka mkekani.

"Uzi mzima," akasema. "Kilichoungua ni kanji na manyoya ya juu. Lete ndimu."

Akaitoa kanji kwa maji ya uvuguvugu, akakamua ndimu, akapaka kwa kidole akifuata ukingo wa alama. Kisha akatazama juu. "Lakini hii kazi ya jua, mjukuu wangu. Na jua liko wapi saa hizi?"

Nikaichukua pasi nipakaushe. Akanidaka mkono. Ndimu ikipitiwa na moto hugeuka kahawia, na hapo ningekuwa nimeongeza doa juu ya doa. Kwa hiyo kanzu nzima ikanyooka isipokuwa pale, pakabaki kiraka chenye mikunjo, upana wa kiganja, na alama katikati.

Asubuhi Baba akajifukiza udi, akaivaa. Uwanjani nilikuwa safu ya nyuma yake. Tukisujudu siioni; tukiinuka inainuka nayo, mbele ya macho yangu. Khutba sikuisikia. Baada ya hapo makaburini, kwa shangazi, kwa ami, nyumba hadi nyumba mpaka adhuhuri, na jua la Tanga mgongoni.

Alipoivua na kuitundika, nilikimbilia kambani. Kilichobaki kilikuwa kivuli cha njano, na ile ncha ya pua haikuwepo tena.

Bibi, ambaye hakuwa anaacha hata kikombe bila kukisuuza, hakuisuuza ndimu ile. Nimelifikiria hilo miaka mingi, na sikumwuliza alipokuwa hai. Baba naye hakutaja neno. Idd el Hajj ilipokaribia aliniletea kanzu ileile, akaiweka mezani, akatoka.

"Babu aliiona?" binti yangu akauliza.

Nikamwambia sijui. Nikampa kitambaa kikuukuu, nikamwonyesha jinsi ya kuijaribu pasi.