Mkondo unaojizalisha ndani ya tokamaki

Tokamaki ni mtambo wenye umbo la pete unaotumia sumaku kushikilia plazma, yaani gesi ya moto mno yenye chembe za chaji, kwa ajili ya muunganiko wa nyuklia. Plazma hiyo haishikiki bila mkondo mkubwa wa umeme kupita ndani yake. ITER, tokamaki ya kimataifa inayojengwa kusini mwa Ufaransa, imesanifiwa kwa ampea milioni 15. Kwa kawaida mkondo husukumwa na transfoma: koili ya katikati ni upande wa kwanza, plazma upande wa pili. Transfoma husukuma tu wakati mkondo wa koili unabadilika. Koili ikifika ukomo, msukumo umekwisha. Kwa hiyo tunataka plazma ijizalishie sehemu kubwa ya mkondo.

Na inaweza, kama nadharia ilivyotabiri mwaka 1971. Sumaku ni kali upande wa ndani wa pete na hafifu upande wa nje, hivyo chembe nyingi hunaswa nje, zikienda na kurudi kwa njia yenye umbo la ndizi. Shinikizo likishuka kutoka kiini kwenda ukingoni, ndizi zinazokutana mahali pamoja zikielekea pande mbili tofauti hazilingani idadi. Migongano huihamishia tofauti hiyo kwenye elektroni zilizo huru kuzunguka pete, na mkondo ukapatikana. JT-60, tokamaki ya Japani, iliwahi kufikisha takriban asilimia 80 ya mkondo wake kwa njia hii.

Mkondo huu haukupi nafasi ya kuchagua mahali. Hufuata mteremko wa shinikizo, na katikati kabisa, ambako hakuna chembe zilizonaswa, hupotea. Hapo lazima uongeze mkondo kidogo wa mbegu kwa mihimili ya chembe au mawimbi.

Ugumu mkubwa, kwangu mimi, ni visiwa vya sumaku, yaani sehemu ambamo mistari ya sumaku hujikata na kujifunga upya kama kisiwa. Kisiwa kikichipuka, joto huvuja upesi kukizunguka, shinikizo ndani yake husawazika, mteremko hufa na mkondo wa hapo hutoweka nao. Upungufu huo ndio hasa unaokinenepesha. Kisipodhibitiwa chaweza kuvunja plazma nzima. Dawa yake ni mawimbi ya mikro (ITER itatumia ya gigahezi 170) yanayorudisha mkondo katikati ya kisiwa. Shabaha ikikosea kwa sentimita chache tu, nguvu yote imepotea bure.

Volteji ya kuzunguka pete, yaani msukumo wa transfoma, ikishuka hadi sifuri, huonekana kana kwamba plazma sasa inadumu bila transfoma; usishangilie bado. Plazma ya moto hubadili mpangilio wa mkondo polepole, na volteji huweza kudanganya kwa muda. Subiri mpaka mkondo umalize kujipanga, kisha upime sumaku ya ndani, siyo ya ukingoni peke yake.