Takwa Tutaifikia Maji Yakijaa

Desemba nampeleka mama Lamu. Tumekaa Malindi miaka yote hii na hajawahi kuukanyaga mji ule. Basi hadi Mokowe, kisha boti, hayo ni mepesi.

Kinachonikosesha usingizi ni magofu ya Takwa, kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu. Mkono wa bahari unaofika kwenye magofu umebanwa na mikoko, na maji yakitoka chombo hukwama topeni. Kwa hiyo nimeanza na kalenda ya mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na bahari ikijaa kuliko kawaida, maji hujaa alfajiri na tena alasiri, jua limeshapoa, na magoti ya mama hayatateseka. Nahodha mmoja wa Shela kaniambia kwa simu, "Mwanangu, usinipangie saa, nipangie maji." Nataka mama auone ule msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, wa mji uliohamwa karne ya 17.

Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, tutautembea asubuhi polepole, tukipisha punda vichochoroni. Mama ameshaanza kukunja buibui lake jeusi, na Desemba bado.