Frank Knox, mwenye gazeti aliyeifuata habari kwa miguu yake

Zipo siku chache za Desemba 1941 ambazo huzirudia mara nyingi ninapotafakari kazi ya gazeti. Waziri wa Jeshi la Majini la Marekani, Frank Knox, ambaye pia alikuwa mmiliki wa gazeti la Chicago Daily News, alipanda ndege kwenda Hawaii kuangalia mwenyewe kilichotokea Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini kilichokuwa kimetoka kushambuliwa na Japani. Kwa nusu ya safari hiyo alifanya kazi ya mwandishi kwa namna inayostahili kufundishwa. Kwa nusu ya pili alifanya kosa ambalo mhariri wa zamu makini asingeliruhusu lifike mitamboni. Nusu zote mbili zimetoka kwa mtu yuleyule, na ndiyo maana simwachi.

Knox hakuzaliwa katika magazeti. Alizaliwa Boston mwaka 1874, akakulia Michigan, na mwaka 1898 akaenda kupigana Cuba chini ya Theodore Roosevelt. Barua alizoandika kutoka vitani zilichapishwa kwao, na barua hizo ndizo zilizompatia kazi ya uandishi Grand Rapids. Baadaye, yeye na mpiga chapa aitwaye John Muehling walinunua gazeti dogo Sault Ste. Marie, mji wa mpakani na Kanada. Mwaka 1912 wakahamia Manchester, New Hampshire, wakaanzisha jingine, na mwaka uliofuata likaungana na mshindani wake. Watu hupenda kuuruka ukurasa huu wa maisha yake ili wafike haraka kwenye uwaziri, lakini gazeti la mji mdogo ni shule kali. Mwenye gazeti anakutana barabarani na mtu aliyemwandika jana. Akikosea jina la marehemu, ndugu wa marehemu wanamgongea mlango kabla ya saa nne. Mfanyabiashara mmoja anayelipia matangazo akikasirika, mshahara wa wapanga herufi unayumba. Huko ndiko mtu hujifunza kuuliza mara ya pili.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa meneja mkuu wa magazeti ya tajiri William Randolph Hearst, na Agosti 1931, mdororo wa uchumi ukiwa umeiva, akaichukua Chicago Daily News. Lilikuwa gazeti la jioni, na gazeti la jioni lina mwendo wake. Habari za usiku tayari zimechapwa na magazeti ya asubuhi, kwa hiyo lazima uwe na kitu ambacho wao hawana, na lazima kiwe mezani mchana, kabla wafanyakazi hawajapanda treni kurudi nyumbani. Kitu hicho, kwa Daily News, kilikuwa waandishi wake wa nje ya nchi. Edgar Ansel Mowrer aliripoti kutoka Berlin mpaka mwaka 1933, Wanazi walipomfanya asiweze kubaki. Ukilinganisha na magazeti mengi ya majimbo ya kati ya Marekani wakati ule, wasomaji wa Daily News waliijua Ulaya vizuri zaidi.

Siasa zilikuwa ndani yake tangu mwanzo. Mwaka 1936 chama cha Republican kilimsimamisha kuwa mgombea mwenza wa Alf Landon katika uchaguzi wa urais, akazunguka nchi nzima akiushambulia utawala wa Franklin Roosevelt. Walishinda majimbo 2 tu kati ya 48, Maine na Vermont. Miaka minne baadaye, tarehe 20 Juni 1940, Roosevelt huyohuyo akamteua Waziri wa Jeshi la Majini, siku chache kabla ya mkutano mkuu wa Republican. Wenzake chamani walimwona msaliti. Mimi naona alikuwa mwaminifu kwa gazeti lake: kwa miaka kadhaa lilikuwa limeandika kwamba Hitler ni hatari, na sasa ameitwa kufanya kitu kuhusu hatari hiyo. Aliapishwa Julai. Jeshi alilolikuta lilikuwa na watu wapatao 160,000. Vita vilipokwisha walikuwa zaidi ya milioni 3.

Mtu wa magazeti akipewa funguo za kabati la siri, hufanya nini? Knox alianza kwa kuwaandikia wenzake. Tarehe 31 Desemba 1940, karibu mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani, aliwaomba wahariri wasichapishe bila idhini habari za safari za meli na ndege, silaha mpya za siri, meli mpya, na ujenzi wa kambi za pwani. Lilikuwa ombi, si sheria, na lilieleweka kwa sababu liliandikwa na mtu anayejua mhariri hufanya nini na karatasi kama ile: huibandika ukutani karibu na meza ya habari na kuipitishia macho kabla ya kufunga ukurasa. Orodha fupi yenye vitu vinavyotajwa kwa majina inafuatika. Onyo refu la jumla hubaki kwenye droo.

Siku 24 baadaye, Januari 1941, aliandika barua nyingine, hii kwa Waziri wa Vita, Henry Stimson. Akasema vita na Japani vikizuka, ni rahisi vianze kwa shambulio la kushtukiza dhidi ya meli au kituo cha Pearl Harbor. Alikuwa na habari yenyewe mkononi miezi kumi na ushei kabla haijatokea. Lakini Jumapili ile ya tarehe 7 Desemba, alipoletewa ujumbe kwamba Pearl Harbor imeshambuliwa, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba haiwezekani, lazima ni Ufilipino.

Tarehe 9 akaomba ruhusa ya kwenda. Ndege za wakati ule zilimchukua kwa vituo, na alifika Oahu, kisiwa ilipo Pearl Harbor, asubuhi ya tarehe 11. Alikaa saa 30 na ushei. Mafuta yalikuwa bado yametanda juu ya maji, na mabaki ya meli ya vita Arizona yalikuwa mbele ya macho yake. Aliwahoji makamanda wote wawili, Kimmel wa majini na Short wa nchi kavu, akaiandaa ripoti njiani akirudi, na usiku wa tarehe 14 ilikuwa mikononi mwa Roosevelt. Hakungoja tume wala muhtasari wa makatibu, na hakukubali kusimuliwa na watu waliokuwa na sababu ya kujitetea.

Na ripoti yenyewe ilikuwa nzuri. Ilisema wazi kwamba jeshi la majini na la nchi kavu yote hayakuwa tayari kwa shambulio la anga. Ilieleza pia jambo moja ambalo ningependa kila mwandishi alishike. Jenerali Short aliposikia onyo la vita, alijikinga na hujuma: aliamini hatari kubwa itatoka kwa wakazi wenye asili ya Japani waliokuwamo kisiwani. Kwa hiyo ndege zake zikapangwa katikati ya uwanja, bawa kwa bawa, ili walinzi wachache waweze kuzilinda dhidi ya mtu mwenye kiberiti. Ukiziangalia kutoka juu, hakuna shabaha rahisi kuliko hiyo. Marubani wa Japani walizipiga zikiwa zimejipanga. Hofu ya adui wa ndani iliziweka wazi kwa adui wa nje, na Knox aliijua habari hiyo aliposhuka kwenye ndege akirudi Washington.

Tarehe 15 akakutana na waandishi wa habari. Kuhusu meli, aliwapa orodha pungufu. Alitaja Arizona, Utah, manowari tatu ndogo za aina ya destroyer na meli ya kutega mabomu, akasema Oklahoma imepinduka. Hakusema kwamba West Virginia na California nazo zilikuwa zimekaa chini kwenye tope. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, mimi simlaumu. Adui hakuwa na hakika ya alichokipiga, na meli hizo mbili zilikuja kuinuliwa na kurudi vitani. Kunyamaza juu ya kitu unachokijua, kwa sababu unayoweza kuja kuieleza, ni uamuzi wa kihariri.

Kosa lilikuja aliposema juu ya kitu asichokijua. Aliwaambia waandishi kwamba kazi ya maadui wa ndani huko Hawaii ilikuwa kubwa kuliko popote katika vita vile, labda isipokuwa Norway. Kikulacho ki nguoni mwako: kila msomaji wa Marekani alielewa nguo gani inazungumzwa. Kesho yake maneno hayo yalikuwa kwenye vichwa vya habari.

Aliyatoa wapi? Hapa lazima turudi nyuma kwenye gazeti lake. Katika kiangazi cha 1940 Knox alikuwa amempeleka mwanasheria William Donovan London, na Mowrer wa Daily News akafuatana naye katika kazi hiyo. Waliporudi wakaandika mfululizo wa makala juu ya wasaliti wa ndani walivyozibomoa nchi za Ulaya, na magazeti mengi yakazichapisha Agosti ile, Knox akiziunga mkono. Kwa hiyo kinu kilikuwa tayari kabla nafaka haijafika. Alipotua Oahu, uvumi ulikuwa umejaa: mishale imekatwa kwenye mashamba ya miwa kuwaelekeza marubani, magari ya mizigo yameziba barabara, maji yametiwa sumu. Kila uvumi uliingia moja kwa moja kwenye umbo lililokwisha kuchongwa.

Mwandishi mwanafunzi anajua hatua za kufuata. Nani aliuona mshale, na shamba liko wapi? Dereva wa gari lililoziba njia anaitwa nani, na amewekwa kituo gani cha polisi? Nani amelazwa kwa sumu ya maji? Polisi wa Honolulu walikuwapo, ofisi ya FBI, wapelelezi wa serikali kuu, ilikuwapo, na saa 30 zinatosha kufika ofisi mbili. Uchunguzi ulipofanywa, haikupatikana hujuma hata moja iliyofanywa na mkazi mwenye asili ya Japani. Ujasusi ulikuwapo kweli, lakini ulikuwa wa ubalozi mdogo wa Japani: Takeo Yoshikawa, ofisa wa jeshi la majini la Japani, aliyefika Machi 1941 kwa jina la uongo akazihesabu meli kutoka vilimani kama mtalii yeyote. Mkazi aliyehukumiwa kwa kushirikiana na ubalozi huo alikuwa Mjerumani.

Tarehe 19 Februari 1942 Roosevelt alitia saini amri iliyowaondoa watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani kutoka pwani ya magharibi na kuwapeleka kambini. Sitasema ni kwa sababu ya sentensi moja ya Knox; California ilikuwa na chuki ya zamani na watu waliotamani mashamba yao. Lakini chuki ilikuwa inatafuta ushahidi, na waziri aliyetoka kuona kwa macho yake akaipa.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hakurudi nyuma. Aliendelea kushinikiza Wajapani wa Oahu nao wakusanywe, ikiwezekana wahamishiwe kisiwa cha Molokai. Aliyemzuia alikuwa kamanda mpya wa Hawaii, Jenerali Delos Emmons. Emmons alihesabu. Watu wenye asili hiyo walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi. Ndio waliokuwa mafundi seremala, ndio waliokuwa wakijenga upya kilichobomolewa. Meli za kuwasafirisha hazikuwapo, na ushahidi haukuwapo. Akaendelea kuahirisha mpaka wazo likafa. Hawaii nzima, walioshikwa walikuwa kama 2,000 tu.

Juni 1942 Knox alisimama upande wa pili wa meza. Chicago Tribune, mshindani wa Daily News katika mji uleule, lilichapisha kwamba jeshi la majini lilijua mapema mpango wa Wajapani kuelekea kisiwa cha Midway katika Pasifiki. Mwandishi Stanley Johnston alikuwa ameona orodha ya meli za adui akiwa safarini na manusura wa Lexington, meli ya kubeba ndege iliyokuwa imezamishwa, na orodha hiyo ilitokana na kuvunjwa kwa maandishi ya siri ya Japani. Knox alitaka mashtaka, na sijui namna ambavyo mmiliki wa gazeti anaweza kumshtaki jirani yake wa biashara bila watu kuguna. Agosti kesi ilianguka: ili kuthibitisha madhara, jeshi lingelazimika kueleza siri yenyewe hadharani. Likanyamaza, na jopo la raia wanaoamua kama kuna kesi halikumshtaki mtu.

Kuna gazeti jingine ambalo mwaka ule lilifanya kazi ambayo Knox alipaswa kuitambua. Wizara yake ilikuwa imetaja ushujaa wa baharia mmoja mweusi wa meli ya West Virginia bila jina. Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani weusi, lilisumbua mpaka Machi jina likapatikana: Doris Miller, mhudumu wa meza, aliyeshika bunduki ya kutungulia ndege bila kufundishwa. Knox aliona barua ya pongezi inatosha. Roosevelt akaidhinisha nishani ya Navy Cross, na Nimitz, kamanda wa meli za Marekani katika Pasifiki, akambandika tarehe 27 Mei.

Knox alikufa kwa moyo tarehe 28 Aprili 1944, akiwa bado waziri, na Oktoba gazeti lake likauzwa kwa John Knight. Kauli ya tarehe 15 Desemba hakuwahi kuisahihisha. Masahihisho yalitoka Agosti 1988, kwa sheria ya Bunge yenye maneno ya kuomba radhi na dola 20,000 kwa kila aliyewekwa kambini na bado yu hai. Hundi za kwanza zilitolewa Oktoba 1990, wakianza wazee kuliko wote.