Oaxaca kwa Wageni Wetu wa Harusi

Kwa ndugu na marafiki mtakaohudhuria harusi ya mdogo wangu Oaxaca, kusini mwa Meksiko, ombi langu ni kwamba mfike angalau siku mbili kabla ya ndoa, kwa kuwa mji huu haufai kutazamwa juujuu katikati ya pilikapilika za harusi.

Anzeni asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa kupanda Monte Albán, magofu ya mji mkuu wa Wazapoteki, watu wa asili wa eneo hili, ulioanzishwa takriban miaka 500 kabla ya Kristo juu ya kilima kilichosawazishwa kileleni. Kivuli huko ni haba, hivyo chukueni kofia na maji. Mwaka 1932 mwanaakiolojia Alfonso Caso alifungua huko Kaburi namba 7, akakuta mapambo ya dhahabu na feruzi pamoja na mifupa iliyochongwa kwa ustadi mkubwa, vitu vilivyozikwa na Wamixteki, watu wengine wa asili wa eneo hili, waliolitumia upya kaburi la Wazapoteki. Hazina hiyo imehifadhiwa mjini, katika makumbusho yaliyomo ndani ya iliyokuwa nyumba ya watawa ya Santo Domingo, na ndiyo sababu nasisitiza kilima kitangulie, makumbusho yafuate. Jumatatu makumbusho hufungwa. Kanisa liko papo hapo. Mkishaingia tu, inueni macho muone dari yenye mzabibu wa plasta iliyopakwa dhahabu, unaoonyesha ukoo wa Guzmán, yaani wa Mtakatifu Dominiko, ambaye kanisa limepewa jina lake.

Chakula cha mchana kuleni soko la 20 de Noviembre, kwenye ujia uliojaa moshi, ambako mnachagua nyama, inapimwa, kisha inachomwa kwenye makaa mbele yenu pamoja na vitunguu vya majani na pilipili. Kwa msiokula nguruwe, tasajo ni nyama ya ng'ombe, lakini cecina ya Oaxaca ni nguruwe. Tlayuda, chapati kubwa ya mahindi iliyokaushwa, kwa kawaida hupakwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo semeni mapema "sin asiento", yaani bila mafuta hayo. Hata mole, ule mchuzi mzito mweusi wa pilipili kavu zilizochomwa, viungo na chokoleti kidogo, mara nyingi hukaangwa kwa mafuta hayo. Ulizeni kabla ya kuagiza. Tejate, kwa upande wake, haina kileo: ni mahindi, kakao, kokwa za tunda la mamey na maua yenye harufu nzuri, vikisagwa na kukorogwa kwa mkono mpaka povu zito jeupe lielee juu, kisha kinywaji hicho huchotwa kwa kibuyu.

Msikose calenda, maandamano ya harusi yenye bendi ya matarumbeta na vikaragosi virefu vya bwana na bibi harusi vinavyochezeshwa na watu waliojificha ndani yake. Tutatembea na kucheza barabarani juu ya mawe, kwa hiyo vaeni viatu visivyo na visigino. Watakaobaki baada ya harusi waende Santa María del Tule, mwendo mfupi kwa gari, wakaone mti unaosifika kwa kuwa na shina nene kuliko yote duniani.