Bolti ya puli ya krenki kwenye RAV4 za zamani

Nikisikia mtu anatafuta patasi na nyundo kwa ajili ya bolti ya puli ya krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni za injini, huwa naacha kazi yangu na kwenda kuangalia. Ni bolti inayoumiza watu na kuharibu injini za watu, na hakuna sababu ya hayo yote.

Nazungumzia RAV4 za kizazi cha kwanza, zile zilizoanza kutoka 1994, zenye injini ya 3S-FE. Hapa Tanga bado zipo nyingi na zinakuja gereji kwetu kubadilishwa mkanda wa taiming, ule unaoendesha valvu ziende sambamba na krenki, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kuufikia mkanda lazima puli itoke, na puli imeshikwa na bolti moja ya namba 19 (kichwa cha milimita 19), imejificha nyuma ya tairi la mbele kulia.

Kitabu cha ufundi cha gari kinasema bolti hiyo ikazwe kwa Nm 108 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ni sawa na kuning'iniza kilo 22 kwenye ncha ya mpini wa nusu mita, kwa hiyo ikiwa imekazwa inavyotakiwa, mtu mmoja anaifungua. Shida ni chumvi ya bahari, miaka, na fundi aliyepita kabla yako akaikaza kwa bomba la maji alilovisha kwenye mpini kwa sababu hakutaka ifunguke njiani. Halafu ukiivuta, krenki nzima inazunguka nayo. Gari la manyuo unaweka gia ya tano, mwenzako anakanyaga breki, mara nyingi inatosha. Lakini nyingi tunazopata ni otomatiki, na kwenye otomatiki gia haikusaidii kuizuia injini.

Kiwandani wana chuma chao maalumu cha kushikilia puli. Sisi hatuna, ndipo watu wanapoanza kubuni.

Wapo wanaoegemeza mpini kwenye chesesi, wanagusa stata kidogo, injini inajifungulia bolti yenyewe. Inafanya kazi kwenye 3S-FE kwa sababu ukiitazama upande wa puli inazunguka kufuata saa. Mfundishe kijana hivyo, kesho ataifanya kwenye Honda za zamani zenye injini za B au D, ambazo zinazunguka kinyume, na stata itaikaza bolti badala ya kuilegeza. Zaidi ya hapo, mpini ukichomoka unaruka kwa nguvu yote ya stata, na mikono ya watu iko pale pale. Kwetu nimeikataza kabisa.

Moto wa gesi nao siutaki hapa. Kwenye bolti za egzosti sawa, choma. Hii puli ina pete ya mpira katikati ya chuma cha ndani na cha nje, inayomeza mtetemo wa krenki, na nyuma yake kuna sili ya oili, inayozuia oili isivuje kwenye krenki. Ukichoma umeziua zote mbili, na mwenye gari atakurudia oili ikidondoka. Kubana ukingo wa puli kwa spana ya bomba ni hivyo hivyo: ule mpira unaachia, puli inaanza kuyumba, na unaolaumiwa ni mkanda mpya.

Tazama uso wa puli kwa karibu, futa grisi na vumbi. Utaona matundu mawili yenye nyuzi, moja kila upande wa bolti. Yamewekwa kwa ajili ya kuivutia puli nje, na ndiyo tunayoyatumia kuishikilia. Paka grisi kidogo kuzunguka matundu, gandamiza kipande cha boksi, alama zinabaki. Peleka boksi hilo kwa fundi wa kuchomelea pamoja na bapa la chuma nene la milimita 8, urefu kama sentimita 70. Atoboe matundu mawili ya bolti za milimita 8, na katikati tundu kubwa ambalo soketi ya 19 inapita bila kugusa. Kama bapa ni jembamba, achomelee sahani pana kichwani. Bolti za kushikia ziingie nyuzi za kutosha, lakini zisiwe ndefu hadi kugusa kava lililo nyuma.

Mwaga mafuta ya kulegeza kutu kwenye shingo ya bolti, yalale usiku. Gari likae juu ya stendi, jeki peke yake haitoshi. Funga chuma chako kikielekea nyuma ya gari, ncha yake iegemee gogo chini, kwa sababu ukifungua ndiko kitakakosukumwa. Tumia soketi ya pembe sita; ya pembe kumi na mbili inakula kichwa. Eksitensheni, yaani fimbo ya kurefushia soketi, ipite nje ya banda la tairi na uiwekee stendi chini yake, karibu na mpini, ili soketi isiiname. Hapo vuta polepole bila kushtua. Itatoa mlio mkali kama kitu kimekatika, na wageni wanashtuka, lakini ni kutu inaachia.

Wakati wa kurudisha safisha nyuzi kwa brashi ya waya. Chuma kilekile kigeuze kielekee mbele, kiegemee chini upande huo, kaza mpaka torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, isome 108. Bomba la maji liache lilipo, maana kuna fundi mwingine atakuja kuifungua baada ya kilomita nyingine 100,000.